Pale Mstari Unapokata Jira: Kiswahili cha Hisabati na Mfano wa Bonde la Kilombero



1.0 Utangulizi

Mihadhara ya taaluma za Kiswahili kwa kawaida hujishughulisha na fasihi, sarufi, historia ya lugha na lahaja zake. Hisabati haisikiki mara nyingi katika kumbi hizi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kitanzania aliyefundishwa kuhesabu kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza amejifunza lugha na hesabu kwa wakati mmoja, na pale lugha inapomwacha, hesabu nayo humponyoka. Mhadhara huu unachukua suala moja dogo la hisabati, nalo ni kutafuta mahali ambapo mstari mnyoofu hukata jira zake kwa kutumia mlinganyo wake, ili kuonesha jinsi maana, istilahi na lugha ya kufundishia zinavyotegemeana.

Mifano imechukuliwa kutoka Ifakara na bonde la Mto Kilombero, mkoani Morogoro. Bonde hilo limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mwaka 2002 eneo lake la mafuriko, lenye hekta 796,735, liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni nchi ya mpunga, ya samaki na ya mito inayofurika na kupwa kila mwaka. Wenyeji wake, wakiwamo Wandamba, Wambunga na Wapogoro, wana lugha zao. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, mashamba ya miwa ya Kidatu, pamoja na kilimo cha mpunga vimewavuta watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, hospitalini na shuleni.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Kikato cha mstari, yaani pale mstari unapokutana na jira, ni jibu la maswali mawili ambayo mkulima wa Kilombero huyauliza kila mwaka kwa Kiswahili fasaha: "Tumeanza na kiasi gani?" na "Kitakwisha lini?" Mwanafunzi akifundishwa kanuni pasipo maswali hayo, atapata tarakimu bila kujua ameulizwa nini. Neno "kikato" linatumika hapa kama istilahi ya kazi. Uzito na udhaifu wake utajadiliwa katika sehemu ya nne.

2.0 Njia ya kutafuta vikato

Mlinganyo wa mstari mnyoofu huandikwa kwa sura mbalimbali. Sura iliyozoeleka zaidi ni y = mx + c, ambapo m ni mteremko wa mstari, yaani kiasi ambacho y hubadilika kila x inapoongezeka kwa moja, na c ni thamani ya y wakati x ni sifuri. Sura nyingine ni ax + by = k, ambayo hufaa pale vitu viwili vinapogawana kiasi kimoja.

Kanuni ya kutafuta vikato ni fupi. Ili kupata kikato cha jira ya y, x hupewa thamani ya sifuri, kisha y hutafutwa. Ili kupata kikato cha jira ya x, y hupewa thamani ya sifuri, kisha x hutafutwa. Ichukuliwe mfano wa mlinganyo 3x + 4y = 24. x ikiwa sifuri, 4y = 24, hivyo y = 6; mstari hukata jira ya y kwenye nukta (0, 6). y ikiwa sifuri, 3x = 24, hivyo x = 8; mstari hukata jira ya x kwenye nukta (8, 0). Nukta hizo mbili zikiunganishwa kwa rula, mstari mzima umepatikana.

Kanuni hiyo huwatatanisha wanafunzi wengi kwa sababu inaonekana kwenda kinyume: anayetafuta kikato cha x huambiwa aifanye y kuwa sifuri. Sababu yake huonekana mara mtu anapotazama jira yenyewe. Nukta yoyote iliyoko juu ya jira ya x haijapanda wala haijashuka. Y yake ni sifuri. Basi kuuliza mstari unakata wapi jira ya x ni sawa na kuuliza x ni ngapi pale y inapokuwa haina kitu. Mwanafunzi anayeijua sababu hii hahitaji kukariri ni herufi ipi iwekewe sifuri.

Mlinganyo huohuo ukivikwa nguo za sokoni, maana yake huonekana wazi. Mama mmoja ana shilingi 24,000. Kwa mfano, mchele unauzwa shilingi 3,000 kwa kilo na fungu la samaki shilingi 4,000. x ni kilo za mchele na y ni mafungu ya samaki, na hesabu inafanywa kwa maelfu. Kikato cha y, ambacho ni 6, kinasema: asiponunua mchele hata kidogo, fedha yote itampatia mafungu sita ya samaki. Kikato cha x, ambacho ni 8, kinasema: asiponunua samaki, atarudi na kilo nane za mchele. Nukta zilizo kati ya vikato hivyo ni michanganyiko inayomaliza fedha yake yote. Kwa mfano, kilo nne za mchele na mafungu matatu ya samaki. Hapa sifuri ina maana halisi: ni uamuzi wa kuacha kitu kimoja kabisa.

Ipo mistari isiyokuwa na vikato viwili vinavyotofautiana. Mstari y = 2x hupita kwenye asili, nukta (0, 0), na vikato vyake vyote viwili viko hapo. Mstari y = 4 uko sambamba na jira ya x na hauikati kamwe. Mstari x = 3 hukata jira ya x peke yake. Mwanafunzi anayefuata kanuni bila maana hukwama anapofika kwenye y = 4, kwa kuwa akiweka sifuri mahali pa y hupata kauli ya uongo, sifuri ni sawa na nne. Anayeelewa maana huitambua kauli hiyo kuwa ni jibu: mstari huu hauna mahali unapokuwa sifuri.

3.0 Ghala, deni na mto

3.1 Ghala la mpunga

Kiswahili kina neno mpunga kwa mmea na punje zenye maganda, mchele kwa punje zilizokobolewa, na wali kwa chakula kilichopikwa. Lugha nyingi hutumia neno moja kwa vyote vitatu. Tofauti hizo hazikubuniwa na kamati; zilitokana na kazi za watu waliohitaji kujua kama kinachozungumziwa ni cha shambani, cha mashineni au cha sahanini. Umakini huohuo wa lugha unaweza kutumiwa katika hesabu ya ghala.

Kaya moja imevuna na kuhifadhi magunia 12 ya mpunga kwa chakula, na hutumia gunia moja kila wiki tatu. Ikiwa x ni idadi ya wiki tangu kuanza kula na y ni magunia yaliyobaki, mlinganyo ni y = 12 − x/3. Kikato cha y ni 12, yaani akiba ya mwanzo. Ili kupata kikato cha x, y huwekwa sifuri: x/3 = 12, hivyo x = 36. Ghala litakuwa tupu baada ya wiki 36. Kama hesabu ilianza tarehe 1 Juni, wiki 36 zinaishia tarehe 8 Februari, wakati mpunga mpya ungali shambani.

Sasa ichukuliwe kwamba kaya hiyo, baada tu ya kuvuna, imeuza magunia matatu ili kulipa ada na madeni. Mlinganyo unakuwa y = 9 − x/3. Mteremko haukubadilika, maana walaji ni walewale; kilichobadilika ni kikato cha y. Kikato cha x sasa ni 27, na wiki 27 tangu 1 Juni zinaishia tarehe 7 Desemba. Kwenye grafu mistari hiyo miwili iko sambamba, na umbali kati ya vikato vyake vya x ni wiki tisa. Kila gunia lililouzwa limeivuta njaa karibu kwa wiki tatu. Hili ndilo jambo ambalo mstari unaonesha waziwazi na ambalo mazungumzo ya haraka siku ya kuuza huweza kulificha.

Swali linaweza pia kugeuzwa. Kaya inayotaka kufika 1 Juni ya mwaka unaofuata inahitaji kikato cha x kisichopungua wiki 52. Akiba ya mwanzo basi haina budi kuwa 52/3, yaani magunia 17 na theluthi moja. Kwa vitendo, magunia 18. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kikato ni "jibu la zoezi" hawezi kuligeuza swali hivyo. Aliyefundishwa kwamba kikato cha x ni siku ya ghala tupu ataligeuza bila kuelekezwa.

3.2 Deni la shamba

Kikato kinaweza kuwa hasi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza maana kabisa. Mkulima amekopa shilingi 300,000 kwa ajili ya kulima kwa pawatila, mbegu na palizi. Wakati wa mavuno, kwa mfano, gunia la mpunga linanunuliwa kwa shilingi 60,000. Ikiwa x ni magunia anayouza na y ni hali yake ya fedha kwa maelfu ya shilingi, mlinganyo ni y = 60x − 300. Kikato cha y ni −300. Hakuna fumbo lolote hapo: kabla ya kuuza gunia la kwanza, mkulima anadaiwa laki tatu. Kikato cha x ni 5. Magunia manne ya mwanzo yanapunguza deni. Gunia la tano ndilo linalolimaliza. La sita ndilo la kwanza kumwachia kitu mkononi.

Bei ikishuka hadi shilingi 50,000, mlinganyo unakuwa y = 50x − 300. Kikato cha y kimebaki palepale, maana deni halikubadilika, lakini mteremko umepungua na kikato cha x kimesogea hadi 6. Mkulima anayesubiri bei ipande hadi 75,000 ana kikato cha x cha 4. Mifano hii miwili, ya ghala na ya deni, hutofautisha mambo mawili ambayo mwanafunzi huyachanganya mara nyingi. Kuuza akiba hubadilisha mahali mstari unapoanzia. Kubadilika kwa bei hubadilisha mwinuko wake. Yote mawili huhamisha kikato cha x, lakini kwa njia tofauti, na mwenye kuelewa tofauti hiyo ana hoja ya kuzungumza na mnunuzi anayefika shambani kabla ya mavuno.

3.3 Maji ya mto

Mfano wa tatu unaonesha mpaka wa matumizi ya mstari. Maji ya mto yanapopwa baada ya masika, mtu anaweza kuchomeka mti wenye alama na kusoma kina chake. Siku ya tatu anasoma meta 5, siku ya tisa meta 3. Katika siku sita maji yamepungua meta 2, hivyo mteremko ni −1/3 na mlinganyo ni y = 6 − x/3. Kikato cha y kinasema kwamba siku ya kuanza kuhesabu kina kilikuwa meta 6, na kikato cha x kinasema kwamba siku ya kumi na nane alama itasoma sifuri.

Kauli zote mbili zinatoka nje ya vipimo vilivyochukuliwa. Mto haupwi kwa kasi moja siku zote. Kasi hupungua kadiri maji yanavyopungua, na mvua moja kubwa milimani inaweza kuyarudisha. Isitoshe, sifuri ya mti wenye alama ni pale mti ulipochomekwa, na si lazima iwe chini kabisa ya mkondo. Mwanafunzi anapaswa kuijua kanuni ya kutafuta kikato, na ajue pia kuuliza kama mstari bado una haki ya kuaminiwa pale unapokata jira. Ghala linaloliwa kwa kipimo linakaribia mstari mnyoofu. Mto haukaribii kwa kiasi hicho.

4.0 Suala la istilahi

4.1 Maneno yaliyokwishapokewa

Msamiati wa hisabati wa Kiswahili una tabaka zaidi ya moja. Hesabu, sifuri, nukta na mstari ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Sifuri inatokana na neno lenye maana ya utupu, na kwa hiyo mwalimu anayesema kwamba kikato cha x ni pale ghala linapokuwa tupu amelirudisha neno kwenye chimbuko lake. Neno aljebra limetokana na jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kwa upande mwingine, mlinganyo na mteremko yameundwa kutokana na mizizi ya Kibantu iliyomo katika vitenzi linganya na teremka, na msikilizaji huisikia maana yake mara moja.

Neno majira linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Katika hisabati majira ya nukta ni namba mbili zinazoonesha mahali nukta ilipo. Katika matumizi ya kila siku majira ni misimu: majira ya masika, majira ya kiangazi. Katika lugha ya mabaharia, majira ni njia inayofuatwa na chombo baharini, na hiyo ndiyo maana iliyo karibu na neno la Kiarabu lenye kumaanisha mkondo au njia ya kupitia. Aliyeichagua istilahi hiyo kwa hisabati aliteua neno zuri kwa msikilizaji wa pwani. Mtoto wa Ifakara, ambaye bahari iko mbali naye, anaposikia "majira ya nukta" huenda akadhani anasikia misimu ya nukta. Istilahi haina kosa. Inahitaji sentensi moja ya maelezo, na sentensi hiyo mara nyingi haisemwi.

4.2 Kukata, kukatiza na kuvuka

Lugha mbalimbali zimeliona jambo la kikato kwa macho tofauti. Neno la Kiingereza intercept lina asili ya Kilatini, kutokana na maneno mawili yenye maana ya kati na kukamata. Kijerumani husema Achsenabschnitt, kipande kilichokatwa cha jira. Kifaransa hakitaji kukata hata kidogo. Huiita kikato cha y ordonnée à l'origine, yaani thamani ya y pale kwenye asili. Hakuna hata moja kati ya istilahi hizo iliyo tafsiri ya nyingine. Kila lugha imechagua upande wa jambo ilioupenda, na Kiswahili kina uhuru huohuo.

Kitenzi kilicho karibu zaidi ni kata. Kutokana nacho nomino kadhaa zinawezekana. Mkato lingekuwa neno jepesi, ila tayari ni jina la alama ya uandishi, na njia ya mkato ni kitu kingine kabisa. Kikatizo hutokana na katiza, na hubeba maana ya kuzuia au kudakiza. Mstari hauizuii jira wala jira haiuzuii mstari. Kikato hufuata utaratibu wa kawaida wa kuunda nomino za ngeli ya KI-VI, ni fupi, wingi wake ni mwepesi, na halina mzigo mkubwa wa maana nyingine. Udhaifu wake ni kwamba halimwambii mwanafunzi kama kinachotajwa ni nukta yenyewe, (36, 0), au ni namba peke yake, 36. Udhaifu huo upo hata katika Kiingereza, na dawa yake ni kusema wazi: "nukta ya kikato" au "thamani ya kikato".

Kitenzi kingine ambacho bonde la Kilombero linakileta karibu ni vuka. Kabla ya kujengwa daraja, msafiri wa kutoka Ifakara kwenda Mahenge alivushwa kwa pantoni; mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa meta 384, nalo likapewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Kwa vizazi vingi kivuko kilikuwa mahali panapojulikana na kila mtu, pale ambapo njia hukutana na mto. Ramani ya namna hiyo ni picha timamu ya grafu: mto ni jira, njia ni mstari, kivuko ni kikato. Picha hiyo inaongeza jambo ambalo kukata hakusemi. Anayevuka huacha ng'ambo moja akaingia nyingine. Mstari wa deni unapovuka jira ya x, y hutoka kwenye hasi na kuingia kwenye chanya, na mkulima hutoka katika kudaiwa na kuingia katika kuwa na chake. Mstari wa ghala huvuka kwa upande wa pili: baada ya wiki ya 36 hakuna magunia hasi ghalani, lakini yapo magunia ya kukopa kwa jirani.

Kivuko hakifai kuwa istilahi rasmi, kwa sababu kina maana zake zilizokwishaimarika, ikiwamo ya chombo chenyewe cha kuvushia. Kinafaa kuwa maelezo. Uundaji wa istilahi nchini Tanzania, ambao Baraza la Kiswahili la Taifa limeusimamia tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, umezaa orodha nyingi za maneno. Orodha humpa mwalimu jina la kitu. Picha ya mahali na swali la nyumbani ndivyo vinavyompa mwanafunzi kitu chenyewe.

5.0 Lugha ya kufundishia

Katika shule nyingi za msingi za serikali Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia masomo yote isipokuwa Kiingereza tangu kipindi kilichofuata Azimio la Arusha la 1967. Mwanafunzi hukutana na jira na majira ya nukta kwa Kiswahili. Kwa mujibu wa muhtasari wa Hisabati wa sekondari wa 2005, mlinganyo wa mstari mnyoofu ulikuwa mada ya Kidato cha Kwanza, mwaka uleule ambao mwanafunzi aliingia katika madarasa yanayofundishwa kwa Kiingereza. Hivyo dhana ya kikato ilimfikia kwa mara ya kwanza katika lugha ambayo alikuwa bado anajifunza kuisoma. Alijua jira, mstari na sifuri. Alijua kuhesabu wiki za chakula. Lakini maneno yale hayakuitwa darasani kuja kusaidia.

Jambo hili halikukosa kuonekana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza kuendelea kutumika; hata hivyo utekelezaji wake katika sekondari haukufuata mara moja, na Hisabati iliendelea kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa: vitabu vya elimu ya juu viko kwa wingi katika lugha hiyo, na kijana wa Ifakara ana haki ya kuifikia dunia kama kijana mwingine yeyote. Mfano wa kikato hauibatilishi hoja hiyo; unaonesha mahali hoja hiyo inapokosa ukamilifu. Lugha ya kuufikia ulimwengu haiwezi kuwa badala ya lugha ya kuelewa. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kwamba x ni 36, bila kujua kwamba amekwisha kuitaja siku ya njaa, hajaifikia hisabati ya dunia wala ya nyumbani. Aliyeielewa siku hiyo kwa Kiswahili anaweza kujifunza jina lake la Kiingereza kwa dakika moja.

Upande wa pili pia unahitaji tahadhari. Kubadilisha lugha ya vitabu peke yake hakutaleta uelewa. Kanuni isemayo "weka sifuri mahali pa y" ikikaririwa kwa Kiswahili ni kasuku yuleyule aliyebadilishiwa tundu. Kinachohitajika ni Kiswahili kinachouliza maswali, na si Kiswahili kinachotafsiri maagizo tu.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umetazama dhana moja na kuifuata kutoka kwenye mlinganyo hadi ghalani, kwenye deni na mtoni, kisha ukarudi kwenye maneno yanayoibeba. Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza, kikato kina maana katika maisha kabla ya kuwa na jina katika kamusi, na mwalimu aanze na maana hiyo: kumeanza na nini, kunabadilika kwa kasi gani, na sifuri ikifika itakuwa imetokea nini. La pili, uundaji wa istilahi uende pamoja na uandishi wa maelezo na mifano iliyochukuliwa katika mazingira ya wanafunzi, kwa kuwa neno lililo wazi pwani laweza kuwa na giza bondeni. La tatu, mjadala wa lugha ya kufundishia upimwe pia kwa dhana mojamoja, darasani, pale ambapo mwanafunzi anaelewa au anakosa kuelewa.

Idara za Kiswahili na idara za Hisabati za vyuo vikuu zimezoea kukaa mbalimbali. Kazi ya kuandika sura moja ya kitabu kuhusu mstari mnyoofu, kwa Kiswahili sanifu na kwa mifano ya mpunga, samaki, reli na mito, haiwezi kufanywa vizuri na upande mmoja. Gharama yake ni ndogo. Faida yake ni mwanafunzi anayeweza kuchukua kalamu siku ya mavuno, kuandika y = 12 − x/3, na kuiambia familia yake kwa hakika ni magunia mangapi yasiuzwe.